Njia Iliyonyooka na Njia ya Kwenda Mawenzi

Miaka mingi imepita. Ilikuwa hapa Moshi, baada ya swala ya Isha, mgeni kutoka Sudan amesimama kwenye baraza ya msikiti na mtoto begani, mtoto anachemka homa. Kiswahili hakuwa nacho, na Kiingereza chake kilikuwa cha maneno mawili matatu. Watu wakanisukuma mbele: "Huyu hapa amesoma, huyu anajua Kiarabu." Mgeni akaniambia, "Ibni maridh. Aynal-mustashfa?" Mwanangu mgonjwa, hospitali iko wapi?

Nilimwelewa neno kwa neno. Lile neno mustashfa ningeweza kulichambua ubaoni herufi kwa herufi, nikaonyesha lilivyotoka kwenye mzizi mmoja na shifaa na lilivyojengwa mpaka likawa na maana ya mahali pa kutafutia shifaa. Lakini kumwelekeza kutoka pale hadi hospitali ya Mawenzi, mwendo wa miguu tu, sikuweza. Nyoosha, kata kulia, ukifika pale vuka barabara: hakuna hata moja lililonijia. Nikamshika mkono nikampeleka mwenyewe, na mtoto akatibiwa, alhamdulillahi.

Njiani ndipo liliponichoma. Neno la kumwambia mtu "nyoosha" nilikuwa nalo mdomoni tangu utotoni: mustaqim. Faradhi tano za siku zina rakaa 17, na katika kila rakaa Muislamu anasoma Alhamdu, na ndani yake anaomba Ihdinas-swiratwal-mustaqim, utuongoze njia iliyonyooka. Mara 17 kwa siku, kwa miaka, niliomba kuelekezwa kwa neno hilo, na siku mtu aliponiomba mimi nimwelekeze, neno halikutoka.

Baadaye nikawa mwalimu, na ninachotaka kukisema leo kilianzia kwenye njia ile. Watoto wetu wa Moshi na Arusha wana Kiarabu kingi kuliko tunavyodhani. Wanachokosa darasani ni haja ya kukitumia. Hatuwapi jambo la kumwambia mwenzao asilolijua, wala swali ambalo jibu lake wanalihitaji kweli.

Tazama somo la kwanza la karibu kila darasa la Kiarabu. Mwalimu anainua kitabu: "Ma hadha?" Watoto kwa sauti moja: "Hadha kitabun!" Vizuri, sauti zimetoka, matamshi yamesikika, na kwa wiki ya kwanza sina tatizo nalo. Lakini aliyeuliza anajua ni kitabu, na aliyejibu anajua kwamba anajua. Mambo yakiendelea hivyo mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, mtoto anajifunza kwamba Kiarabu ni lugha ya kutajiana vitu ambavyo wote mnaviona. Akitoka nje anakifunga pamoja na daftari.

Vitabu vyenyewe sivilaumu. Vingi vya tunavyotumia vilitungwa kwa ajili ya wageni waliokwenda kusoma nchi za Kiarabu. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kwa mfano, kilianzishwa 1961 na tangu hapo kimepokea vijana kutoka pande zote za dunia. Kijana aliyefika kule akisoma darasani neno la mkate, jioni anakwenda kuununua kwa neno hilo hilo. Mtaa unamalizia kazi ya mwalimu. Wa kwangu akitoka darasani anakutana na Kiswahili, Kichaga na Kipare, kwa hiyo huo mtaa ambao kitabu kiliutegemea hana. Sasa mwalimu wa huku afanyeje? Auingize mtaa ndani ya darasa, na auchague mtaa anaoujua mtoto. Treni ya abiria kutoka Dar es Salaam iliporudi Moshi Desemba 2019, neno qitar lililokuwa picha tu kitabuni lilipata stesheni. Watoto walitaka kulisema. Niliona tofauti siku ile ile.

Nitaeleza jambo moja kwa kirefu, kwa sababu ndilo lililonifundisha zaidi ya semina zote nilizohudhuria. Ramadhani moja nilizunguka kwa majirani nikiomba maboksi matupu ya tende. Nikayapeleka darasani, wanafunzi 14 wa miaka 10 hadi 13, nikawaambia: "Kati ya haya lipo boksi ambalo tende zake zilikuwa zimepitwa na muda. Litafuteni." Nikakaa.

Tarakimu za Kiarabu walikuwa wanazijua kutokana na namba za aya msahafuni, hapo hawakusumbuka. Kijana mmoja akaweka kidole: "Maalim, hii si tarehe?" Ilikuwa tarikh, ndiyo. Lakini kila boksi lilikuwa na tarikh mbili, moja tarikhul-intaj na nyingine tarikhul-intiha, na maneno hayo mawili hakuna aliyewahi kuyasoma. Wakabishana. Binti mmoja akamaliza ubishi bila kuniuliza mimi: ile ya mbele zaidi ndiyo ya mwisho, maana kitu hakiwezi kuharibika kabla hakijatengenezwa. Basi intiha ni mwisho. Sikusema neno. Na neno lile hakuna aliyelisahau mwaka mzima, nami nilikuwa nawauliza kwa kuwashtukiza.

Wakaendelea wenyewe, kazi yangu ilikuwa imeshawatoka akilini. Al-waznus-safi: "Safi! Maalim, uzito safi!" Uzito wa tende bila boksi. Kisha wakafika kwenye mstari wa kuhifadhi, na hapo ndipo penye somo. Maandishi ya boksi hayana irabu, zile alama za a, i na u, na wote walisoma yahfadhu fi makanin baridin. Baridi waliiona papo hapo, na kuhifadhi pia. Wakatafsiri: "Anahifadhi mahali pa baridi."

Nikauliza, "Nani anahifadhi?"

Kimya. Wakarudi kwenye boksi, wakatafuta mtu. "Hayupo, Maalim."

Nikachukua chaki, nikaandika kitenzi ubaoni, nikaitia ile herufi ya kwanza dhuma, alama ya u. Yuhfadhu. Binti yule yule akasema polepole, "Huhifadhiwa." Kitenzi kisichotajwa mtendaji nilikuwa nimekifundisha wiki tatu nyuma kwa mifano ya kitabuni. Waliandika majibu sahihi, nikaweka vema nyekundu, na siku ya boksi hakuna aliyekikumbuka mpaka maana ilipokwama. Dhuma moja juu ya herufi moja ikawa na kazi.

Kwa hiyo wale wanaohofia kwamba kufundisha Kiarabu kupitia maisha ni kutupa nahau na sarfu, yaani kanuni za sentensi na za maumbo ya maneno, naomba wajaribu boksi la tende. Maandishi ya kweli, yasiyo na irabu, hayasomeki bila sarfu. Kitabu chenye irabu kila mahali ndicho kinachomruhusu mtoto asome bila kufikiri.

Kuna mtaji mwingine tunaoukalia, nao ni Kiswahili chenyewe. Moshi ni mji wa kahawa, mnada wake uko hapa. Pita kwenye kijiwe jioni uone: kahawa ni qahwa, buni ni bunn, birika ni ibriq, finjani ni finjan, sukari ni sukkar. Mtoto aliyetumwa soko la Mbuyuni akaambiwa bei ni elfu mbili mia sita na hamsini amesikia namba tano, na nne kati ya hizo zina asili ya Kiarabu. Ni mbili tu yenye asili ya Kibantu. Na ukimwekea pamoja kitabu, katibu na maktaba, halafu elimu, mwalimu na maalumu, halafu hesabu na mhasibu, ataiona mizizi ya herufi tatu kabla hujamtajia neno mzizi. Mwingereza anayejifunza Kiarabu hana hata robo ya hayo, na anahangaika miezi kulielewa jambo ambalo mtoto wa Njoro analo kinywani.

Sehemu ndogo inayotusumbua ni matamshi. Sisi wa bara, thamani wengi tunaiita samani na dhambi tunaiita zambi, kwa hiyo herufi tha na dhal zinahitaji jasho. Zinawezekana.

Lakini mtaji huo una mitego, na mitego yenyewe inafichuka pale tu mtoto anapolazimika kufanya jambo kwa lugha. Neno rahisi kwetu ni la bei na la kazi pia, kwa Mwarabu rakhis ni ya bei tu. Kazi isiyo ngumu ni sahl. Siku za juma ndizo balaa. Sisi tunaanza kuhesabu Jumamosi, wao wanaanza Jumapili, ndiyo maana juma letu lina siku mbili za "tano" zilizofuatana: Jumatano kwa hesabu yetu, na Alhamisi, yaani ya tano, kwa hesabu yao. Jumatano yetu kwao ni al-arbi'a, ambayo ndani yake mna nne. Mwanafunzi anaweza kuimba siku zote saba bila kosa, kisha ukimwambia akate tiketi ya Jumatatu anakwenda moja kwa moja kwenye ath-thulatha, kwa sababu amesikia tatu. Hiyo ni Jumanne.

Na saa! Basi linaondoka stendi saa 12 asubuhi. Mtoto mwenye Kiarabu cha kukariri atasema as-sa'atu th-thaniyata ashra. Kwa Mwarabu hiyo ni saa 6 yetu. Alitakiwa kusema as-sa'atu s-sadisa, saa ya sita. Saa sita zimepotea, na basi limeshafika Korogwe. Kosa hili halionekani kwenye zoezi la "andika saa zifuatazo kwa Kiarabu" ikiwa saa zimechorwa ubaoni. Linaonekana pale mmoja akiwa msafiri, mwingine mkata tiketi, na ratiba anayo mmoja tu.

Huenda mtu akauliza: kwa Moshi hii, nani ataongea Kiarabu na hawa watoto? Swali la haki. Binti mmoja niliyemfundisha alikwenda Oman kufanya kazi za ndani, akarudi baada ya miaka miwili, akaja kunisalimia. Nilimuuliza Kiarabu kilimsaidiaje. Akanijibu kwa heshima, lakini alinijibu ukweli: "Maalim, wiki ya kwanza mama mwenye nyumba aliniambia nisafishe al-ghurfa. Mimi nikasikia ghorofa. Nikasafisha ghorofa nzima mpaka usiku, kumbe ni chumba kimoja. Na ile uridu uliyotufundisha, kule sikuisikia hata siku moja. Wanasema abgha."

Yale maneno niliyabeba kama deni. Binti yule alikuwa na alama nzuri sana za Kiarabu. Hakuna aliyemwambia kwamba ghurfa ni chumba akiwa amesimama ndani ya chumba. Na kuhusu uridu na abgha, yote mawili "nataka", msimamo wangu ni kwamba fasaha, yaani Kiarabu sanifu, ibaki kuwa msingi, kwa kuwa ndiyo ya msahafu, ya vitabu, ya habari na ya maandishi yote ya kiserikali. Lakini kumficha mwanafunzi kwamba watu wa Ghuba nyumbani wanasema vingine ni kumtuma safari bila viatu. Sasa kila mwaka namwomba mmoja wa waliorudi aje darasani saa moja. Anasimama pale, wadogo zake wanamuuliza: ukiumwa ulisemaje? Ukitaka mshahara wako ulisemaje? Sijawahi kuona watoto wanaandika kwa bidii kama wanavyoandika siku hiyo.

Na hatuhitaji kufika Muscat. Arusha, mwendo wa saa mbili kwa basi, ndiko iliko Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na Kiarabu ni moja ya lugha zake rasmi. Septemba 22, 2022 mahakama hiyo ilitoa hukumu katika shauri la Ibrahim Belguith dhidi ya Tunisia, ikaiamuru Tunisia ifute amri za rais zilizopingwa na irudi kwenye demokrasia ya kikatiba ndani ya miaka miwili. Hukumu ya nchi ya Kiarabu, imetoka Arusha. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo yako Arusha, na tangu 2024 Somalia ni mwanachama kamili. Katiba yake ya mpito ya 2012 inakitambua Kiarabu kuwa lugha ya pili baada ya Kisomali. Wakalimani na watafsiri wa Kiarabu wanafanya kazi Arusha. Ningependa siku moja kusikia kwamba mmoja wao alianzia madrasa ya Ngarenaro au Pasua.

Upinzani mkali zaidi nimeupata kwa watu ninaowapenda. Mzee mmoja, kwangu ni kama baba, alinisimamisha baada ya swala. "Mwanangu, nimesikia lugha ya Qur'ani unaipeleka kwenye nyanya na vitunguu." Hakusema kwa hasira, alisema kwa huzuni, na nilijua huzuni ile inatoka wapi. Kwa kizazi chake Kiarabu kilikuwa kitu cha kunawia mikono kabla ya kukigusa.

Nilimjibu kwa adabu: "Shikamoo, baba. Vitunguu vimo ndani ya Qur'ani." Katika Sura Al-Baqara, aya ya 61, watu wa Musa wanaomba mazao ya ardhi, na basal, vitunguu, vimetajwa pamoja na adesi. Kisha nikamkumbusha aya ya 282 ya sura hiyo hiyo, ambayo ndiyo ndefu kuliko aya zote. Inahusu nini? Deni. Watu wakikopeshana waandike, awepo mwandishi, wawepo mashahidi, muda utajwe. Ni mambo ya sokoni kabisa, ya duka na daftari la mkopo.

Mzee akaanza kuisoma kwa moyo, pale pale tulipokuwa tumesimama. Alipofika walyaktub baynakum katibun bil-adl, akanyamaza. Akarudia peke yake: "Katibu... kwa uadilifu." Alikuwa ameisoma aya ile maisha yake yote. Hakunipa ruhusa wala hakunikataza, alinishika bega tu akaenda zake.

Wiki iliyofuata nilifanya aya ile kuwa somo. Watoto walikaa wawili wawili na mtu wa tatu katibu, mmoja amkopeshe mwenzake kwa Kiarabu, katibu aandike hati. Walipofika ila ajalin musamma, nusu ya darasa ikadhani ajali, gari limepinduka. Ajal ni muda uliowekwa. Ajali ya barabarani kwa Kiarabu cha leo ni hadith au haditha, neno ambalo nalo linawapeleka kwenye hadithi. Nikaona tena: bila kuandika hati ile, wangeisoma aya hiyo mpaka uzeeni na gari lililopinduka ndani yake.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, na mitaala iliyoanza 2024 inazungumza sana juu ya umahiri, na Kiarabu kimewekwa miongoni mwa lugha za hiari pamoja na Kifaransa na Kichina. Neno ni zuri. Lakini umahiri unakufa mezani kwa anayetunga mtihani. Tukiendelea, na hapa nasema sisi wenyewe walimu wa madrasa na wa shule, kuuliza "taja alama za nomino" na kumpa alama zote aliyezitaja, basi mwanafunzi mwenye akili atakariri alama za nomino. Ana haki ya kufanya hivyo. Swali moja tu likibadilika, ukampa tiketi, au ujumbe wa sauti wa nusu dakika kwenye simu, ukamuuliza mgeni anafika siku gani na saa ngapi kwa saa zetu, darasa zima litabadilika mwaka unaofuata, maana wazazi na watoto wote wanasoma kinachoulizwa.

Najua hali ya walimu wenzangu. Watoto 60 kwenye mkeka mmoja, wa miaka mitano hadi kumi na mitano, kati ya Alasiri na Magharibi, ujira wenyewe wa kubahatisha. Simwambii mtu ageuze kila kitu. Dakika kumi za mwisho zinatosha kuanzia, na maboksi ya tende hayauzwi.

Mwezi uliopita dakika kumi zangu nilizitoa kwa ule usiku wa zamani. Binti mmoja alikuwa mgeni kutoka Sudan, kanga imekunjwa begani ndiyo mtoto mwenye homa. Kijana mmoja alisimama mlangoni. Wengine walishika chaki, wachore ubaoni njia watakayoisikia. "Aynal-mustashfa?" Kijana akavuta pumzi. "Imshi mustaqiman." Chaki ikachora mstari. Mgeni hakuondoka, akauliza kama mtu mwenye mtoto mgonjwa kweli: "Mustaqiman ila ayn?" Mpaka wapi? Kijana akageukia dirishani, akatazama upande wa mjini, midomo inacheza bila sauti. "Ila... ila manaratis-sa'a."

Mnara wa saa. Mwarabu angesema burjus-sa'a. Nililiacha vile vile, kwa sababu mgeni alikuwa ameshaelewa, na alikuwa anakwenda.